Spika ya Bluetooth haitoi besi sebuleni: toa futi kabla ya kufungua pochi

Swali: Nina spika ya Bluetooth ndefu ya duara, imeandikwa wati 30, ina viduara vya mpira vinavyotikisika huku na huku mwishoni. Naiweka juu ya meza ya kioo katikati ya sebule. Sebule na sehemu ya kulia chakula ni chumba kimoja, mita 6 kwa 3.4, ukuta wa tofali za bloku, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu. Kochi liko katikati kwa upana, mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyuma. Nikikaa hapo besi siisikii, lakini nikisimama mlangoni inagonga vizuri. Nikipandisha sauti ndiyo inapotea kabisa, zinabaki kelele za juu juu. Kwenye simu nimepandisha besi hadi mwisho. Ninunue sabufa, au kuna cha kufanya kwanza?

Jibu: Kipo, na sehemu kubwa yake haina gharama. Una matatizo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni la chumba: besi inatoka, ila haifiki ulipokaa, na mlangoni umeshalithibitisha mwenyewe. La pili ni la spika: ukipandisha sauti, yenyewe inajipunguzia besi ili isijiue. Chumba tunaweza kukirekebisha sana. Spika ina mpaka wake, na mpaka huo hakuna kitufe cha kuuvuka.

Nianze na spika, kwa sababu usipoujua mpaka wake utaendelea kuilazimisha. Besi ni hewa inayosukumwa. Kila masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, hupimwa kwa Hz) yanaposhuka kwa nusu, koni, ile sahani inayotikisika ndani ya spika, inatakiwa isukume hewa mara nne zaidi ili mlio ubaki na nguvu ile ile. Kutoka 100 Hz hadi 50 Hz ni mara 4, na ukifika 25 Hz ni mara 16. Koni za spika za saizi hiyo zina upana wa sentimita chache, na mwendo wake wa kwenda mbele na kurudi ni wa milimita tu. Ndiyo maana zikawekwa hivyo viduara vya mpira. Havina waya wala sumaku. Vinasukumwa na hewa iliyofungiwa ndani ya spika, na vinasaidia katika ukanda mwembamba, kwa spika nyingi za aina yako kuanzia 60 Hz hivi kwenda juu. Chini ya hapo besi inaporomoka haraka sana.

Ndani kuna chipu inayosimamia mambo yote haya. Sauti ikiwa ndogo, inaongeza besi kwa makusudi, kwa kuwa sikio la binadamu husikia besi hafifu pale sauti inapokuwa chini. Jambo hilo watafiti Fletcher na Munson walilipima tangu 1933. Ukipandisha sauti, chipu inaona koni inakaribia mwisho wa mwendo wake na kuanza kukata masafa ya chini. Waimbaji wanazidi kupaa, ngoma inabaki pale pale. Hizo ndizo kelele za juu juu unazozisikia. Spika haijaharibika.

Tafuta mpaka huo leo. Chomeka spika kwenye chaja kwanza, maana nyingi hupunguza nguvu betri ikiwa chini. Zima kila ekwalaiza, yaani vile vidude vya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Piga wimbo wenye mdundo wa kujirudia usiobadilika, halafu pandisha sauti kitone kimoja kimoja ukisikiliza ngoma peke yake. Kuna kitone ambapo sauti ya mwimbaji itaongezeka na ngoma haitaongezeka. Kikumbuke. Besi nzuri ya spika yako iko kitone kimoja au viwili chini ya hapo, na juu yake unanunua kelele tu.

Hapo utaona pia kwa nini kupandisha besi hadi mwisho kwenye simu kumekuponza. Kuongeza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kunadai nguvu mara nne. Desibeli 10, mara kumi. Spika ya wati 30 haina akiba ya namna hiyo, kwa hiyo chipu inaanza kukata mapema zaidi, hata kwenye sauti ya kawaida. Juu ya hilo, simu nyingi ukiinua ekwalaiza huku sauti ya simu iko juu, muziki unapasuka humo humo ndani ya simu kabla haujatumwa. Mkwaruzo huo watu huusingizia spika. Rudisha vyote sifuri. Ekwalaiza tutairudia baadaye, kwa kiasi.

Sasa chumba, na hapa ndipo penye faida kubwa. Kwenye joto la nyuzi 25 sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Mlio wa 58 Hz una wimbi lenye urefu wa mita 6 hivi, yaani sawasawa na urefu wa sebule yako. Wimbi kama hilo likigonga kuta mbili za tofali zinazotazamana, hurudi na kujipanga: shinikizo linakuwa kubwa kwenye kuta zote mbili na katikati ya chumba, na linakufa kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu. Kwa chumba cha mita 6, maeneo yaliyokufa yako mita 1.5 kutoka kila ukuta. Kochi lako liko hapo hapo. Na jirani na 58 Hz ndipo dramu la mguu linapogonga kwenye nyimbo nyingi za siku hizi.

Upana nao una lake. Mita 3.4 inazaa mlio wa 51 Hz ambao hufia kwenye mstari wa katikati, mita 1.7 kutoka kila upande. Kochi limewekwa katikati, kwa hiyo anayekaa kwenye mto wa kati ananyimwa mara mbili. Mwambie mtu akae mwisho wa kochi, karibu na ukuta, atasikia besi ambayo wewe huisikii. Na kwa kuwa spika nayo iko katikati ya chumba, mlio huo haiwezi hata kuuamsha vizuri. Mlangoni uko kando ya ukuta, ndiyo maana pale inagonga.

Lisogeze kochi sentimita 60, mbele au nyuma, vyovyote samani zinavyoruhusu. Kwa hesabu, sentimita 60 zinakutoa kwenye sifuri hadi karibu asilimia 60 ya shinikizo la juu kabisa la 58 Hz. Katika nyumba halisi pale pa sifuri huwa si sifuri kamili, madirisha na milango huvujisha, lakini tofauti utaisikia bila kuambiwa. Kurudi nyuma hadi kuugusa ukuta kabisa sikushauri: besi itakuwa nyingi mno na ya kuvuma, mpigo mmoja unaingia kwenye mwingine. Acha angalau nusu mita nyuma ya kichwa. Ukiweza, lisogeze pia sentimita 30 kwenda upande mmoja, lisikae katikati kamili.

Ukishatulia kochi, tafuta mahali pa spika. Njia ya uhakika ni kugeuza kazi: spika ikae mahali pako, wewe utembee. Weka ubao au trei ngumu juu ya kochi, spika juu yake, kwa kimo cha masikio yako ukikaa. Pakua programu yoyote ya bure ya kutoa milio kwenye simu, upige 50, 60, 70, 80, 100 na 120 Hz, kila mmoja sekunde kumi, kwa sauti ya wastani. Usiuache mlio mmoja ukipiga kwa dakika nyingi, waya wa koni unapata joto. Wakati mlio unapiga, tembea kando ya kuta, ukiinama au kusimama ili sikio liwe kwenye kimo ambacho spika ingekaa: kwenye stendi ya TV, kwenye stuli, kwenye kona. Unatafuta mahali ambapo milio ya 60 hadi 120 inasikika kwa nguvu zinazokaribiana. Mahali ambapo 70 inapasua sikio na 80 inapotea, paache. Ulipopapata ndipo pa spika, kwa kuwa njia ya sauti kati ya sehemu mbili za chumba ni ile ile, uanzie huku au kule.

Mlio wa 50 ukiwa hausikiki popote, hata kwenye kona, huenda kosa si la chumba. Spika yako ikiwa haishuki hadi hapo, hakuna mpangilio utakaouleta.

Katika vyumba vingi kama chako jibu huangukia karibu na moja ya kona za mbele. Ukuta ukiwa karibu na spika hurudisha besi iliyokuwa inaelekea nyuma, ikajumlishwa na ile ya mbele. Kila ukuta unaweza kuongeza hadi desibeli 6 za masafa ya chini. Mara nyingi utapata pungufu ya hapo, lakini hata desibeli 3 ni sawa na kupewa wati mara mbili bila kulipa. Anza na sentimita 15 kutoka kuta zote mbili. Ukisikia sauti ya mtangazaji wa kiume inavuma kifuani kuliko kawaida, ivute spika sentimita 10 kuelekea chumbani, usikilize tena. Rudia mpaka mtangazaji aongee kama mtu. Maneno ya mtangazaji ni kipimo kizuri kuliko wimbo, kwa sababu kila mtu anajua mtu akiongea anasikikaje.

Viduara vya mpira visizibwe. Viachie sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye ukuta, pazia au kitu chochote. Spika ya duara ilaze, mwisho mmoja uelekee kona. Kuisimamisha wima kunafaa tu kwa spika zilizotengenezewa miguu au ukingo unaokiinua kiduara cha chini kisiguse meza. Kama hakuna, kiduara kitagonga juu ya meza na siku moja kitachanika. Pia usiitumbukize kwenye shelfu la kabati la TV. Shelfu lina mwangwi wake, na utasikia noti moja ya besi inajirudia kwenye kila wimbo.

Meza ya kioo iache kabisa. Kioo kikitikiswa kinatoa mlio wake mwenyewe, na nguvu iliyopaswa kusukuma hewa inaishia kutikisa meza. Mahali papya, hata pakiwa pa mbao nzito, weka miguu laini: kata vipande vinne vya soli ya kandambili kuukuu, kila kimoja upana wa sentimita 2, uvipange chini ya spika karibu na ncha zake. Unene wa sentimita moja na nusu unatosha. Hivi haviongezi besi. Vinaondoa mtetemo unaoichafua, na mpigo unasikika umekatwa vizuri.

Kisha saka vinavyolia. Panda taratibu kutoka 50 hadi 150 Hz huku mwenzako akigusa kimoja kimoja: vioo vya dirisha, komeo la grili, fremu za picha, milango ya kabati la vyombo, taa ya dari. Kinachonyamaza akikigusa ndicho mchawi. Kipande cha flaneli au utepe wa povu wa kubandika madirishani hukimaliza. Marumaru na ukuta wa bloku vinaufanya mkwaruzo wa kitu kidogo usikike chumba kizima. Hapo hapo sikiliza na spika yenyewe: ukisikia pumzi, "fss" ya hewa inayokwenda na mlio, kuna mpira uliochanika au kufunguka gundi, pengine ilishaanguka. Hewa ikivuja viduara havisukumwi tena na besi haipo. Hiyo ni kazi ya fundi, ekwalaiza haitaigusa.

Kuna ushauri utaupata mitaani ambao nakuomba uuweke kando. Zulia na mapazia mazito havigusi besi. Ili kulinyonya wimbi la 60 Hz vizuri unahitaji unene wa karibu robo ya wimbi, mita 1.4, zulia lina sentimita moja. Vinachofanya ni kupunguza mwangwi wa juu unaorushwa na marumaru, hivyo ile besi kidogo iliyopo inaonekana zaidi. Nunua zulia kwa sababu hiyo, ni sababu nzuri. Trei za mayai ukutani hazifanyi hata hilo vizuri, na zinashika moto haraka. Kubadili kodeki ya Bluetooth, yaani namna muziki unavyobanwa ili urushwe, kutoka SBC kwenda AAC au aptX hakuongezi besi. Tofauti zao, pale zinaposikika, ziko kwenye masafa ya juu. Hata wimbo uliobanwa sana huumia kwanza juu kwenye matoazi, besi huwa ya mwisho kuguswa. Kama wimbo fulani hauna besi, mara nyingi ni kwa sababu haukurekodiwa nayo: nyimbo nyingi za zamani za dansi besi yake ni gita lisiloshuka sana, wakati amapiano inashuka hadi kwenye 50 na chini. Spika moja, nyimbo mbili, hukumu mbili.

Sasa ekwalaiza. Tumia moja tu, ama ya programu ya spika ama ya simu, zisifanye kazi zote mbili. Ya spika ni bora, kwa kuwa inaujua mpaka wa koni. Kama ina vidude vitano au zaidi, shusha kwanza kile cha chini kabisa, 31 au 32 Hz, hadi mwisho. Watu hushangaa: tunatafuta besi halafu tunaikata? Masafa hayo spika yako haiwezi kuyatoa, lakini koni inajitahidi na kumaliza mwendo wake bure. Ukiyaondoa, nafasi inabaki kwa 60 hadi 100 Hz. Halafu shusha eneo la 250 Hz kwa desibeli 2 au 3. Hapo ndipo penye uzito wa tope unaofunika mdundo. Mwisho, kama bado unataka, pandisha lile la karibu na 80 Hz kwa desibeli 3, usivuke hapo. Ukiwa unatumia ekwalaiza ya simu yenye kidude cha kiwango cha jumla, kishushe kwa desibeli zile zile ulizopandisha, 3 kwa 3, muziki usipasuke. Kwa simu ambazo sauti yake na ya spika zinapanda kila moja peke yake, weka ya simu karibu na juu na uongozee kwenye spika. Kitufe cha besi ya ziada kijaribu baada ya haya yote. Kwenye spika ndogo nyingi kinaongeza vivuli vya mlio, yaani 80 na 120 Hz ili sikio lidhani limesikia 40. Si uongo mbaya, ila kwa gita la besi la rumba huharibu.

Ukimaliza hapa na bado hujaridhika, ndipo pesa inaingia. Hatua ya kwanza ningesema ni spika ya pili ya aina ile ile, kama toleo lako linaruhusu kuziunganisha mbili. Zikikaa bega kwa bega zinapiga besi moja na kupata hadi desibeli 6 zaidi. Zikikaa kona mbili tofauti ongezeko ni dogo, lakini kila kiti kinapata besi inayofanana. Kwa sebule yako ningechagua kona mbili. Lakini zisiwe spika za aina mbili tofauti zinazorushiwa muziki na simu moja: kila moja ina ucheleweshaji wake na mapigo hayataangukiana.

Sabufa inawezekana, kwa sharti kwamba spika yako ina tundu la AUX, lile la kuingizia sauti kwa waya. Usiunganishe sabufa kwa Bluetooth peke yake na spika kwa Bluetooth peke yake, kwa sababu ile ile ya ucheleweshaji. Nunua kipokezi kidogo cha Bluetooth chenye tundu la milimita 3.5, weka waya wa kugawa sauti, tawi moja liende AUX ya spika na jingine nyuma ya sabufa. Sabufa ikate kwenye 100 Hz hivi, kwa kuwa spika yako chini ya hapo inahangaika. Kwenye programu ya spika sasa ishushe besi. Ikiondolewa mzigo huo itapiga kwa sauti kubwa kuliko ulivyowahi kuisikia, bila zile kelele. Spika ikiwa haina AUX, weka akiba ununue seti kamili yenye sabufa yake, wala usihangaike na viunganishi.

Unapochagua, lile neno PMPO (eti nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua) na namba za maelfu zilizoandikwa kwenye boksi zipuuze. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma kinachosema inakula wati ngapi za umeme. Inayokula wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 60 kamili kwenye koni, sembuse 3000. Kwa chumba chako, koni ya inchi 8 kwenye boksi la mbao lisilo jepesi inatosha.

Ukiifunga, itafutie mahali kwa njia ile ile ya kugeuza kazi. Halafu piga mlio wa 100 Hz, spika na sabufa zote zikiwaka, ukae kwenye kochi. Nyuma ya sabufa nyingi kuna swichi yenye 0 na 180. Mwenzako aihamishe huku na huku, na upande unaotoa mlio mkubwa ndio uachwe. Kama sabufa haina swichi hiyo na mlio wa 100 unadhoofika sabufa ikiwashwa, zinapingana. Zima umeme, badilisha nyaya mbili za koni ya sabufa, chanya iende hasi, kisha upige tena. Ikibaki dhaifu pande zote mbili, AUX ya spika yako inachelewesha sauti, na kuisogeza sabufa nusu mita karibu au mbali na kochi mara nyingi hakutoshi. Hapo seti kamili ndiyo njia.